Rangi Unayoweza Kuitolea Ushahidi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wapiga picha na wenye studio, Arua, Uganda. Yamepangwa upya kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya picha nyeusi na nyeupe iliyoachiwa rangi mahali pamoja tu. Hakuna asiyeijua hapa. Bibi arusi wa kijivu, bwana arusi wa kijivu, kanisa la kijivu, kisha maua mkononi mekundu ya kuumiza macho. Kuna wakati albamu ya harusi bila ukurasa huo ilihesabiwa haijakamilika, na wengine wetu tumelipa karo za watoto kwa maua hayo, kwa hiyo sitayatukana.

Vijana waliniambia nije kuwaonyesha namna ya kufanya. Nitawaonyesha, simu hii hapa. Lakini kufanya kwenyewe ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye kidole kilichotulia. Kinachotaka akili ni kuamua rangi ibaki wapi, na kama picha ni ya zamani, ni nani aliyekuambia kwamba rangi ilikuwa hiyo. Mimi nasema hivi: rangi unayoiweka juu ya kijivu ni ushahidi. Ni kama umesimama mbele ya watu ukaapa. Ukiulizwa kwa nini iko pale ukakosa jibu, iondoe.

Tutenganishe kwanza kazi mbili ambazo watu huziweka kwenye kapu moja. Ya kwanza ni ya picha mpya: umepiga kwa simu au kamera, rangi zote zipo, nawe unaziondoa zote isipokuwa ile unayoitaka. Ya pili ni ya picha ya zamani: ilisafishwa ikiwa kijivu tangu mwanzo, haina rangi hata tone, nawe unaileta kutoka nje. Zikishatundikwa ukutani zinafanana. Lakini fundi wa kwanza anachagua, fundi wa pili anadai. Nitaanza na ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyowaleta wengi wenu, ingawa moyo wangu uko kwenye ya pili.

Msidhani huu ni ujanja wa simu. Upigaji picha ulipotangazwa Paris mwaka 1839, watu walistaajabu kuona sura zimenaswa kwenye bamba la fedha, na haukupita muda wakaanza kunung'unika kwamba sura hizo hazina damu. Ndani ya miaka michache Mswisi mmoja, Johann Baptist Isenring, alikuwa akipaka unga wa rangi juu ya mabamba yake na kuushikisha kwa gundi ya mgunga. Mwaka 1842 Richard Beard wa London akachukua hataza ya njia ya kutia picha rangi. Kule Yokohama, Japani, katika miaka ya 1860, Felice Beato aliwaajiri wachoraji wenyeji wampakie picha zake kwa mkono. Zitazameni picha za zama zile mkizipata. Nyingi hazikupakwa zote: shavu, midomo, mkufu, ua kwenye nguo, basi. Rangi ya mahali pamoja ilitangulia picha ya rangi kwa miaka mingi. Ndugu Lumière wa Ufaransa walileta bamba lao la rangi sokoni mwaka 1907, wakitumia chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi, na filamu ya rangi ya Kodachrome ikaja mwaka 1935.

Huku kwetu chumba cha giza cha nyeusi na nyeupe kiliendelea kulisha watu muda mrefu baada ya hapo, na sababu si ushamba. Dawa ya kusafishia filamu ya nyeusi na nyeupe inatosheka na nyuzi 20 hivi, na joto likizidi kidogo unapunguza dakika. Dawa ya filamu ya rangi inataka nyuzi 38 kasoro kidogo, na hata nusu nyuzi haikusamehe. Kwa umeme wetu huu? Mteja aliyetaka rangi alipakiwa kwa mkono.

Mafundi wa kazi hiyo walitumia rangi ya mafuta na pamba iliyozungushwa kwenye kijiti. Karatasi ilikuwa isiyong'aa, maana juu ya ile inayong'aa mafuta yanateleza. Unapaka, unasugua mpaka rangi iwe nyembamba kiasi cha kuonyesha kivuli kilichopo chini yake, halafu kwa pamba safi unafuta palipovuka mpaka. Rangi ilikuwa ghali na jioni ilikuwa fupi, basi wakapaka tai, hereni na midomo, wakaacha. Ubahili ule uliwafundisha jambo ambalo sisi tuliobeba rangi milioni kumi na sita mfukoni bado hatujajifunza.

Sasa tuje kwenye kijivu chenyewe, kwa sababu ukitaka kujua rangi ibaki wapi, ujue kwanza kijivu kinameza nini. Kompyuta ikigeuza rangi kuwa kijivu, njia ya kawaida haigawi sawa kwa sawa. Inachukua karibu asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, kwa kuwa jicho la binadamu huona mwanga zaidi kwenye kijani. Kwenye kipimo kinachoanzia 0, giza tupu, hadi 255, weupe tupu, nyekundu iliyokamilika inageuka kijivu cha 76. Kijani kizito cha majani, chenye kipimo cha 130, nacho kinatoka 76. Zile zile. Kachukueni kitenge pale sokoni, chenye maua mekundu juu ya majani ya kijani, mkigeuze. Maua yamezama ndani ya majani. Una kitambaa cha kijivu kisicho na ua hata moja, na mama aliyekinunua kwa sababu ya maua hayo hatakushukuru.

Hapo kuacha rangi kuna sababu ninayoikubali bila kubishana: kijivu kimemeza kitu ambacho picha ilikihitaji, nawe unakirudisha. Hata bendera yetu ya Uganda iko hivyo. Njano yake kwenye picha nyeusi na nyeupe inakaribia weupe, na nyekundu inazama chini karibu na nyeusi. Mtoto asiyeijua, akionyeshwa picha za Oktoba 1962, ataona milia ya giza na mwanga tu. Bahati nzuri ndege aliye katikati anatambulika hata bila rangi.

Kamera kadhaa, za Nikon na Sony zikiwemo, zina chaguo la kubakiza rangi moja na kugeuza nyingine zote. Ukiwa London ukalenga basi jekundu mbele ya majengo ya mawe siku ya mawingu, inafanya kazi vizuri mno, na picha hiyo imetundikwa kwenye hoteli nyingi kuliko picha ya malkia. Lakini kamera inachagua rangi, haichagui kitu. Haijui kwamba lile ni basi. Ilete Arua, iambie ibakize nyekundu, mlenge mama aliyevaa kitenge chekundu akivuka barabara. Kitenge kitabaki. Murram nyekundu ya barabarani nayo itabaki, na vumbi kwenye matairi ya boda boda, na ukuta wa matofali nyuma yake, na viwiko vya mama mwenyewe, kwa sababu ngozi ya binadamu, hata iwe nyeusi kiasi gani, rangi yake iko upande wa nyekundu na chungwa. Unapata picha iliyotoka ukurutu. Kwa udongo tulionao, chagua kwa mkono.

Haya, simu. Wengi wenu mna programu ya Snapseed, haina malipo, kwa hiyo ninaitumia hiyo. Majina ya vitufe yanaweza kubadilika kidogo kutoka toleo hadi toleo. Fungua picha yako ya rangi. Igeuze nyeusi na nyeupe kwa kifaa chake, ukubali. Sasa nenda kwenye orodha ya mabadiliko uliyofanya, ugonge yale ya nyeusi na nyeupe, uchague brashi. Picha itarudi kuwa na rangi zote, msishtuke. Geuza kinyume, yote inakuwa kijivu tena. Teremsha brashi hadi 0, kuza picha, kisha sugua kwa kidole pale unapotaka rangi irudi. Kadiri unavyoikuza ndivyo brashi inavyokuwa ndogo, kwa hiyo kwenye ukingo kuza sana na uende polepole. Ukivuka, pandisha brashi hadi 100, futa. Kwa mwenye kompyuta, programu ya GIMP ni ya bure pia: nakili leya, yaani tabaka la picha, leya ya juu itoe rangi, iwekee maski nyeupe, yaani kifuniko kinachoamua leya hiyo ionekane wapi, halafu pakeni nyeusi kwenye maski pale mnapotaka rangi ichungulie. Photoshop ni mwendo ule ule. Wote wanaokuuzia mafunzo ya siku tatu ya jambo hili wanakuuzia aya hii.

Sogeeni karibu, kuna kitu nataka mkione. Mama huyu kwenye skrini, kitenge chake nimekirudishia wekundu wote hadi mshono wa shingo. Kwa mbali ni safi. Kuzeni. Angalieni chini ya kidevu kwenye ile ya asili, kabla sijaigusa. Jua liligonga kitenge likarudi juu, likatia wekundu hafifu chini ya kidevu na upande wa ndani wa mkono uliobeba kapu. Kwenye yangu, kidevu ni kijivu kikavu, na ndiyo sababu kitenge kinaonekana kimebandikwa hapo na mtu. Basi ninaweka brashi kwenye 75, yaani kijivu robo tatu, rangi robo, ninapitisha mara moja chini ya kidevu na mara moja kwenye mkono. Mnaona? Hamuwezi kusema nimefanya nini, lakini nguo sasa imevaliwa.

Jambo jingine liko ndani ya jicho, simu haihusiki. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, aliandika mwaka ule ule wa 1839 kwamba rangi zikikaa jirani, kila moja inamsukuma mwenzake upande wa pili. Kijivu kilicho kando ya nyekundu kinaonekana kina ukijani. Sasa fikirini kijivu hicho ni uso wa mtu. Ukijani usoni! Mteja hatajua kusema tatizo ni nini, atasema tu kwamba picha imemfanya aonekane mgonjwa. Dawa yake ni ndogo: punguza ukali wa ile nyekundu, maana mbele ya kijivu rangi hupata nguvu ambayo haikuwa nayo ilipokuwa na wenzake, kisha upe kijivu joto kidogo, kielekee kahawia. Kidogo kweli. Ukiona joto lenyewe, umezidisha.

Na kwa kuwa tuko Uganda, lazima niseme hili ingawa mratibu ananikazia macho. Rangi kwetu zina wenyewe, vyama vya siasa. Njano ni ya NRM, nyekundu ni ya NUP, buluu ya FDC, kijani cha DP. Ukipiga barabara yetu yenye watu wengi, ukageuza yote kijivu, ukaacha mwavuli mmoja wa njano wa mwuza muda wa maongezi, unaweza kuapa kwamba uliupenda tu mwavuli. Hakuna atakayekuamini, hasa mwaka wa uchaguzi. Na mwenye mwavuli ndiye atakayeulizwa maswali na majirani, wewe umeshaondoka na kamera yako. Mwulize kwanza. Kwenye picha ya habari, ile inayokwenda gazetini, usifanye kabisa. Msomaji wa gazeti anakuja kuona yaliyotokea, hakuja kuonyeshwa unachopenda wewe.

Kiasi gani kinatosha? Watu huniuliza sana, nami huwaambia wakamtazame korongo wetu, yule mwenye taji, ngaali kwa Waganda. Mwili kijivu, mabawa yana weupe, weusi na kahawia, shavu jeupe. Halafu taji la dhahabu kichwani na wekundu kidogo kooni. Rangi kali karibu yote imekaa kuzunguka uso, kwingine kumetulizwa. Ukiona picha yako ina rangi kwenye miguu, kwenye mkia na kwenye nyasi, umeacha kuchagua.

Sasa ya pili, picha za zamani. Hapa ninaomba mzime simu dakika chache.

Mtu analeta picha ya baba yake, imekunjwa mara nne, imekaa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Anasema, nitilie rangi. Siku hizi kijana ana njia rahisi: anaitia kwenye programu inayopaka yenyewe, kwa sekunde kadhaa picha yote imejaa rangi, analipwa. Kampuni ya MyHeritage ilianza kuwapa watu huduma hiyo mwaka 2020, na sasa ziko nyingi. Mjue zinavyofanya kazi. Kompyuta hupewa picha nyingi mno za rangi, zinageuzwa kijivu, inafundishwa kubahatisha rangi zilizoondolewa. Inajifunza kwamba nyasi ni kijani na mbingu ni buluu, na hapo haikosei sana. Lakini shati? Shati laweza kuwa na rangi yoyote. Ikishindwa kuamua, inaelekea katikati ya yote inayoyajua, na katikati ya rangi zote ni kahawia iliyopauka. Ndiyo maana babu zetu wote kwenye mitandao wamevaa kahawia. Nao hawakuwa hivyo. Mnaijua West Nile, eneo letu hili, mnajua watu walivyovaa siku ya kupigwa picha.

Mimi napaka kile tu ninachokijua, kwingine kote naacha kijivu. Hapo ndipo ufundi huu wa rangi mahali pamoja, ambao watu wameuona kama pambo la harusi, unapokuwa njia ya kweli kuliko kupaka picha nzima. Kijivu kilichobaki kinasema wazi kwamba hapa hakuna aliyeniambia.

Kijivu hakikuambii rangi ilikuwa ipi, lakini kinaweza kukukatalia. Mtu akisema gauni lilikuwa njano ya limau, na kwenye picha gauni ni zito karibu na weusi, kuna mmoja hapo anayekosea, na mara nyingi ni mtu. Njano kali hutoka kijivu cha juu, karibu na weupe. Ila muangalie umri wa filamu kabla hamjambishia mzee. Filamu za mwanzo ziliona buluu peke yake. Hermann Vogel, Mjerumani, aligundua mwaka 1873 jinsi ya kuifanya ione na kijani, na bado nyekundu ilibaki giza kwake. Midomo ilitoka myeusi, buluu ya mbingu ikatoka nyeupe. Sergei Eisenstein alipotengeneza filamu yake ya mwaka 1925 kuhusu mabaharia wa manowari Potemkin, alitaka bendera nyekundu mlingotini. Angetumia bendera nyekundu, ingeonekana nyeusi. Akapandisha nyeupe, kisha wekundu ukapakwa kwa mkono juu ya filamu yenyewe, kipicha kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo kwenye picha za zamani sana, kitu cheusi kinaweza kuwa chekundu, na mzee anayekuambia hivyo anaweza kuwa sahihi kuliko kipimo chako.

Nitawasimulia kazi moja. Mama mmoja alileta picha ya marehemu mama yake, ameketi, gomesi, lile vazi la heshima la akina mama wa Uganda, limemkaa vizuri, mabega yamesimama, mshipi umefungwa chini ya kiuno na ncha zinaning'inia mbele. Mjukuu alikuwa amekwisha kuipitisha kwenye programu: gomesi kahawia, mshipi buluu. Familia ikagawanyika. Dada mkubwa akasema mshipi ulikuwa damu ya mzee. Mjomba akasema kijani, na kwamba yeye ndiye aliyeubeba kutoka dukani. Niliwaacha wabishane, maana katika ubishi ndipo watu hukumbuka. Mwisho shangazi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema mshipi ule ulipochakaa ulikatwa, na kipande kilishonewa kwenye foronya iliyoko nyumbani kwake hadi leo. Akaenda akaileta siku nyingine. Nje kile kipande kilikuwa kimepauka, huwezi kukiita jina lolote. Tukafumua mshono kwa wembe, kidogo tu, upande uliokunjwa ndani ambao jua na sabuni havikuufikia sana. Zambarau. Iliyoiva.

Nikaulinganisha na kijivu cha picha. Zambarau nzito inatoka kijivu cha chini, na mshipi pichani ulikuwa wa chini. Vimekubaliana. Nikaongeza leya tupu juu ya picha, nikaiweka kwenye hali ya rangi, ile inayobadilisha rangi bila kugusa mwanga na kivuli, nikapaka mshipi peke yake, kila mkunjo ukabaki na kivuli chake. Gomesi sikuligusa, uso sikuugusa. Mjukuu akaniuliza mbona nguo yenyewe nimeiacha. Nikamwambia alete foronya nyingine.

Mtu akitaka nipake ngozi ya marehemu, huwa nasita. Najua wengine wenu mnafanya na mnafanya vizuri. Lakini weusi wa mtu si rangi moja, kuna paji la uso, kuna chini ya macho, kuna mikono ya mtu aliyelima, na mimi sikumwona akiwa hai. Naomba niachiwe hapo.

Kuna picha ambazo nadhani zisiguswe na yeyote. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda pale Kampala yalionyesha picha kutoka kwenye hazina ya shirika la utangazaji la taifa, UBC: negatifu zipatazo 70,000, kwa sehemu kubwa za miaka ya Idi Amin, 1971 hadi 1979, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Nyingi hazikuwahi kuonekana hadharani. Mikutano, sherehe, watu waliokamatwa wakionyeshwa mbele ya umati. Vijana wenye vipaji wananiambia, tuzitie rangi, zitawagusa watu wa leo. Nawajibu kwamba wapiga picha wale walikuwa wakiitumikia serikali, nao walikwisha kuchagua waonyeshe nini na wafiche nini. Ukiongeza rangi ya kubahatisha juu ya uchaguzi wao, mtazamaji hatajua tena kipi kilifanywa na nani. Na ndani ya picha hizo kuna watu wenye watoto walio hai.

Haya yamekwisha kutokea kwingine. Aprili 2021 tovuti ya VICE ilichapisha picha za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la utawala wa Khmer Rouge mjini Phnom Penh, Kambodia, zikiwa zimetiwa rangi. Ikabainika kwamba rangi haikuwa peke yake: baadhi ya nyuso zilikuwa zimewekewa tabasamu ambalo halimo kwenye picha za asili. Watu waliosubiri kufa, wamechekeshwa. Wizara ya utamaduni ya Kambodia ililalamika, ndugu za wafungwa wakalalamika, picha zikaondolewa. Kidole kilichozoea kuongeza kitu kimoja bila ushahidi hakioni shida kuongeza cha pili.

Nirudi kwenye mambo ya mkate. Kuchapisha. Mnapopeleka picha ya namna hii kwenye mashine, Nasser Road kule Kampala au hapa hapa mjini, kumbukeni kwamba mashine nyingi hutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi. Mchanganyiko ukiyumba, kijivu chenu kinatoka na ukijani au uwaridi. Kwenye picha ya kijivu peke yake mteja anaweza asione. Palipo na kitu kimoja chekundu ataona mara moja, kwa sababu ile nyekundu inamfundisha jicho kudai kijivu kiwe kijivu. Ombeni kipande cha majaribio, upana wa vidole vitatu tu, chenye uso na rangi pamoja, mkitazame nje kwenye mwanga wa mchana, wala si chini ya taa ya duka. Fundi wa mashine atanuna. Mwacheni anune. Na msimtumie picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inaminywa hadi ukingo mliouhangaikia unachakaa. Itumeni kama faili au mpeleke kwa flashi.

Picha ya asili haipakwi kamwe. Ipigeni skani, mrudishie mwenyewe ile ile aliyokuja nayo pamoja na mikunjo yake. Nyuma ya nakala mpya, kwa penseli laini, andikeni ni kipi kimetiwa rangi na kwa neno la nani: mshipi, zambarau, kwa kipande cha nguo alichokitunza shangazi; kofia, nyekundu, kwa maneno ya mwanawe wa kwanza. Kama ni kwa makisio yako, andika makisio. Mteja akikataa maandishi hayo, mwekee ndani ya faili la picha, lakini yasikosekane.

Kuhusu bei, sikubaliani na wanaotoza sawa na picha ya pasipoti. Brashi ni dakika chache, lakini kukaa na familia mpaka shangazi aseme ni nusu siku, na nusu siku hiyo ilipwe.

Nimemaliza upande wangu. Skana iko kwenye ile meza ya dirishani, na jenereta ina mafuta. Mwenye picha ya nyumbani aje nayo, na kama amekuja na mtu anayemkumbuka aliyemo, wakae wawili, mmoja ashike brashi na mwingine aseme.